Sentimita Thelathini na Nane

Namba yangu ni tisini na mbili.
Ukutani wanaita sitini na saba,
nami nimeketi Winnipeg, mwezi wa pili,
viatu vikichuruza theluji chafu
juu ya zulia la manispaa,
ramani nimeibana kwapani kama mkeka wa msibani.

Hii ni safari ya nne.
Ya kwanza walisema: vipimo havijaandikwa.
Ya pili: vipimo vimeandikwa, kaskazini iko wapi?
Nikachora mshale. Nilitaka kuuliza,
kwani nyumba itatembea usiku, ipotee njia?
Sikuuliza. Mwenye haja hafanyi mzaha.
Ya tatu karani alikuwa likizo,
na faili langu, nadhani, lilikwenda naye ufukweni.

Nataka chumba kimoja tu,
kule chini, penye tanuri na mashine ya kufulia:
ukuta, mlango, taa mbili, soketi nne,
ili binti yangu Shangwe aache kulala sebuleni
akisikilizishwa taarifa ya habari.

Mimi ni fundi umeme.
Miaka kumi na tisa Kigoma nimevuta nyaya
za zahanati, za msikiti, za kinu cha mawese.
Cheti changu kimo ndani ya bahasha, mezani kwa mtu,
kinatafsiriwa tangu Oktoba.
Kwa hiyo kibali cha umeme kina jina la Reynaldo Macaraeg,
kijana wa juzi, mkanda wa vifaa ungali unanukia duka.
Mimi nilimshikia tochi.
Nilingoja akosee.
Hakukosea.

Tisini na mbili!

Bi Halldorson ana miwani miwili,
mmoja machoni, mmoja umesahauliwa nyweleni.
Anafunua ramani, analaza rula.
“Dirisha,” anasema.
Dirisha limefanyaje?
“Upande mwembamba, thelathini na nane. Lako thelathini na moja.”
Saba tu, nikasema,
kwa sauti ya sokoni, sauti ya kupunguziwa.

Akaweka kalamu chini.
“Kaka yangu alikuwa zimamoto,” akasema, taratibu,
si kwa sauti ya dirisha la huduma.
“Alilifikia dirisha. Mtungi wa hewa mgongoni ukakwama.”
Nikasubiri aendelee.
Akaita tisini na tatu.

Usiku nilikata boksi la friji,
tundu la thelathini na moja.
Shangwe, pita hapa.
Akapitisha kichwa, mkono, bega moja,
akakwama, akacheka mpaka boksi likatetemeka.
Mama yake naye akacheka.
Mimi niliikumbuka nyumba tuliyoijenga Mwanga,
tukipima kwa hatua za miguu na kamba ya katani,
bila fomu, bila mhuri, bila mshale wa kaskazini,
kila dirisha nondo nne, nilizichomelea mwenyewe.
Tulimwogopa anayeingia.
Hakuna aliyemuwaza anayetoka.
Wapangaji wamo humo hadi leo, na watoto wao.
Nikampigia simu shemeji, kule kukiwa alfajiri:
tafuta msumeno wa chuma.
Akaniuliza kama ninaumwa.

Basi nikakodi mashine, nikakata zege,
vumbi likaingia hadi kwenye unga wa ugali.
Kibali kikatoka mwezi wa tano.
Nikakibandika kwenye kioo cha mbele kama walivyoagiza,
maandishi yakitazama barabarani,
na jirani ambaye hajawahi kunisalimu
alisimama na mbwa wake akakisoma chote.

Mkaguzi alikuja siku ya mvua.
Akavuta futi yake: arobaini na moja.
Akafungua, akafunga, akafungua tena.
Sahihi yake ni kama mnyoo.

Wiki ya tatu, saa saba usiku,
nimetoka kutupa taka nilizozisahau,
nikaona kichwa kikichomoza kwenye nyasi,
kisha bega, kisha la pili,
kisha Shangwe mzima, viatu mkononi,
na ng'ambo ya barabara gari la mtu limezima taa.

Tukatazamana.
Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, ya mzazi.
Lililotoka kwanza lilikuwa la fundi:
Hujakwaruzika?